Picha Niliyoipiga Saa ya Khutba

Lenzi yangu ndefu watu wa kijijini kwetu waliipa jina la bomba, na mimi wakaniita mwenye bomba. Nililipenda jina hilo, sitaki kujifanya sikulipenda. Lenzi yenyewe niliachiwa na mgeni mmoja mtu mzima niliyemtembeza kisiwani wiki mbili, nikamwonyesha popo wa Chole, viboko wa kule bwawani na papa potwe wa upande wa Kilindoni. Siku ya kuondoka akasema mikono yake imeanza kutetemeka, haiwezi tena kubeba chuma kizito namna ile, basi nibaki nacho mimi. Nimekibeba miaka sita sasa. Kazi yangu ni kuongoza wageni pale Utende. Kupiga picha nilijipachika mwenyewe, na nilijipachika kwa majivuno.

Asiyewahi kuchungulia kwenye lenzi ya namna ile nimweleze kidogo. Yangeyange amesimama huko mbali, kitone cheupe tu kwenye mchanga. Unamvuta, unamvuta, mpaka unaona tone la maji linaning'inia kwenye mdomo wake. Yeye hakuoni. Anajikuna, anayapanga manyoya yake, anameza kisamaki chake taratibu, hana habari na wewe. Utamu wote uko hapo, na mimi niliharibikia hapo hapo. Nilizoea kuona bila kuonekana. Kwa ndege haikuwa na neno. Tatizo ni kwamba sikuishia kwa ndege.

Nilianza kidogo kidogo. Mzee anaziba nyufa za mtumbwi wake kwa pamba. Watoto wanasukumana majini. Wanawake wanarudi na mwani vichwani, maji yakiwachuruzika mabegani. Mimi niko ndani ya mikoko na hakuna anayejua. Nilijiambia kwamba wakijua watajipanga mstari na kukaza shingo kama wanapigwa picha ya kitambulisho, na picha itakuwa imekufa. Hilo ni kweli, mpiga picha yeyote atakwambia. Lakini nililisema ili nisilazimike kusema jingine, kwamba nilikuwa nawachungulia.

Kwetu mwanamume hajitokezi tu mahali wanawake walipo pwani. Maji yakikupwa wao huzipandisha kanga zao, wakazifunga kiunoni, wakaingia kazini. Anayepita hukohoa kwa mbali, hutoa salamu kwa sauti, kisha husimama kidogo kama aliyesahau kitu nyumbani. Ule muda wa kusimama ndiyo hodi yenyewe. Wao hushusha kanga, huitikia, naye hupita akitazama mbele. Hakuna aliyetufundisha haya shuleni, tumeyakuta. Mimi nikiwa na lenzi sikukohoa hata siku moja. Niko hatua mia tatu kutoka kwao, nilijiambia, hodi ya nini?

Mwaka juzi alifariki jirani yetu, mvuvi, mtu mkimya aliyekuwa akishona nyavu zake kibarazani hali anasikiliza redio. Nililibeba jeneza lake. Niliingia kaburini kusaidia kumlaza. Mkewe akaingia eda, miezi minne na siku kumi, kitambaa cheupe kichwani, bila mafuta ya kunukia, bila wanja, na bila kuonwa na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Mama huyu nimemjua tangu sijaota meno ya pili. Alikuwa rafiki wa mama yangu, na mama yangu alipofariki, mfungo ule ule, ndiye aliyeniletea futari mwezi mzima bila mtu kumwomba. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani niliyemtendea nilikuwa simjui.

Alikuwa na mwani wake. Mwani usipotikiswa tope likatoka, usipofungwa upya kwenye kamba, hukatika ukachukuliwa na maji, na mfiwa hapewi likizo na bahari. Binti zake wawili wameolewa Dar es Salaam. Mawifi zake wana kazi zao. Haya yote nilikuja kuyafikiria baadaye, wakati kuyafikiria kulikuwa hakumsaidii mtu.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa pili wa eda. Bamvua, yale maji makuu, lilikuwa limeanza kupungua na maji yalikupwa adhuhuri. Kwa siku nyingi nilikuwa namwinda ndege wa aina moja, mweupe mwenye mgongo mweusi, mdomo mnene, ambaye kazi yake ni kuvunja kaa. Huja kwa makundi kutoka nchi za mbali na hapendi watu. Pwani ikiwa na mtu mmoja tu, hatui. Na pwani yetu mchana, maji yakiwa yametoka, haikosi wanaume. Wenye mitego, wenye kuchimba chambo, na wale wageni wa dago, wavuvi wa Kilwa na Rufiji wanaopiga kambi upande wa kusini. Huwa hawapo saa moja tu kwa juma zima, saa ya sala ya Ijumaa. Hesabu hiyo niliipiga mwenyewe, na niliifurahia.

Nikaoga. Nikavaa kanzu na kofia. Nikamuaga mke wangu kwamba natangulia msikitini. Kamera na lenzi nilikuwa nimeviweka ndani ya kikapu cha ukili, na juu yake nimetandaza mswala. Naandika hili uso unaniwaka. Mswala juu, bomba chini. Mke wangu akanambia nimwombee dua marehemu baba yake, nikamjibu inshallah.

Nikaingia kwenye mikoko, kanzu nimeikunja na kuipachika kiunoni, tope magotini. Sauti ya khatibu ilikuwa inanifikia kupitia spika, maneno siyashiki vizuri, lakini sauti naijua ni ya nani. Wale ndege walitua kweli. Nikapiga picha zao. Ningeondoka wakati ule, leo ningekuwa na dhambi ya Ijumaa moja tu, kati yangu na Mola wangu.

Ghafla wale wavunja kaa wote wakaruka. Nikahamisha lenzi kutafuta kilichowashtua, na akaingia mtu kwenye kioo. Mwanamke, peke yake, anatembea juu ya mchanga ulioloa, kitambaa cheupe kichwani, bega la kushoto limeshuka. Bega lile lilishuka miaka mingi iliyopita alipoanguka kutoka kwenye mnazi, enzi za usichana wake, na kisiwa kizima kinalijua. Akafika kwenye vigingi vya mwani wake. Akawa kule na kamba zake muda mrefu, akitikisa, akifunga. Kisha akainama karibu na kigingi cha mwisho, mkono mmoja umekishika, na akabaki vile. Yangeyange wawili walikuwa wamesimama hatua chache kutoka kwake, nao hawakuruka. Mchanga wa kijivu, maji membamba, weupe wa kitambaa, weupe wa ndege. Nilijua pale pale kwamba hii ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikabonyeza, nikabonyeza tena.

Nimewahi kuwaambia watu kwamba sikumtambua pale, kwamba nilikuja kumtambua nyumbani nilipoikuza picha kwenye kompyuta. Si kweli. Nilimtambua kabla sijabonyeza mara ya kwanza. Niliujua msiba wake na maana ya kile kitambaa. Mtu mwenye haya angeshusha kamera na kutazama tope. Mimi nilirekebisha mwanga.

Katika picha zile nilichagua moja ambayo uso hauonekani kabisa. Nikajiona mstaarabu. Nikampelekea mwenye hoteli ninakofanyia kazi, akaipenda, akaenda kuichapisha Dar es Salaam, kubwa kama mkeka wa kulalia, na ikatundikwa kwenye ukumbi wa kulia. Wageni wakiiulizia nilikuwa nawaeleza kwa kirefu. Huyu anafunga mwani, nawaambia. Tazameni mgongo, tazameni uvumilivu. Nilikuwa nikisema hivyo nimeweka mikono nyuma, kama mwalimu mkuu.

Uso hauonekani, kwa hiyo mtu haonekani. Nilivyoweza kujidanganya na jambo hilo mimi, mzaliwa wa kisiwa hiki, sijui. Sisi hatutambuani kwa nyuso. Mtu akiwa kitone tu kule kwenye maji, bibi aliyekaa mlangoni atakwambia yule ni fulani na ametoka kugombana na mumewe, kwa mwendo tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemjua kwa bega.

Wifi yake mkubwa, dada wa marehemu, ni mpishi pale pale hotelini. Jikoni ni nyuma, na wapishi hawana kawaida ya kuingia ukumbini. Asubuhi moja mhudumu hakuja, ikabidi yeye mwenyewe alete sinia la mikate. Niliona anavyosimama mbele ya picha, sinia mkononi, kwa muda wa mtu anayesoma barua. Kisha akaliweka sinia mezani na kurudi jikoni. Jioni yake nilipofika kijijini habari zilikuwa zimeshafika.

Na habari hazikuwa zile za kweli. Zilisema mjane anatembea ovyo, eda haimhusu. Zilisema amepatana na mwenye bomba, amejipanga apigwe picha wageni wamtazame, na kaburi la mumewe halijakauka. Wifi yake akatamka wazi mbele ya watu kwamba siku ya kutoka eda yeye na dada zake hawataweka mguu pale.

Asiye wa kwetu huenda asilione uzito wa neno hilo. Kwetu mfiwa hajitoi eda mwenyewe. Mawifi ndio huja asubuhi na beseni la maji, wakamwogesha, wakamvika kanga mpya, wakamfukiza udi na kumtoa nje ameshikwa mikono. Hapo upande wa mume unasema mbele ya kijiji kizima kwamba mwanamke huyu amemtendea haki ndugu yetu. Wasipokuja hakuna atakayemfukuza popote, ila atabaki katika ua wa watu wasiomtambua mpaka mwisho wa maisha yake, na kila akipita kisimani mazungumzo yatakatika. Alikuwa amekaa na mume yule miaka thelathini na tatu.

Nikafanya nini? Nikamwomba mwenye hoteli aishushe picha, akaishusha siku mbili baadaye. Nikapumua. Niliona kama nimemaliza. Mke wangu aliniuliza tukiwa tunakunywa chai picha ile niliipiga lini, nikasema sikumbuki, siku moja tu nilipokuwa napitapita. Nikaongeza sukari kwenye chai ambayo ilikuwa tayari na sukari.

Ziliposalia siku kama ishirini eda iishe, yule mama akaniita. Alimtuma mke wangu, ambaye alikuwa akienda kukaa naye mara kwa mara. Nikaenda baada ya alasiri, nikaketi barazani nje, yeye akiwa ndani nyuma ya pazia la mlango. Nilikuwa naona ncha za vidole vya miguu yake chini ya pazia, nikahamisha macho. Ajabu yake, siku ile niliona haya kutazama vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Nikasema hawajambo. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, hata nilikuwa nimezipanga sababu zangu. Hakunilaumu. Alinieleza polepole kwamba mwani wake ulikuwa unakatika, kwamba alimwuliza mwalimu wa madrasa akaambiwa kwa dharura mchana anaweza kutoka, ila ajistiri na macho ya wanaume. Akaketi akafikiri saa ipi hakuna mwanamume pwani.

"Nilisubiri adhana ya pili," akasema. "Nikasema sasa wote wamo msikitini, hata wale wa dago. Mimi nikiwaambia mawifi zangu wanaona najitetea. Lakini wewe ulikuwapo, saa unaijua. Kawaambie saa tu, mwanangu. Sikuombi lingine."

Nikamwahidi. Niliahidi haraka, kama mtu anayetaka kuondoka.

Nilikwenda kesho yake. Wifi alikuwa uani kwake anakuna nazi, na hakuiacha mbuzi wala kunikaribisha. Nikamwambia kwamba mama yule hakuniona, hakujua kama anapigwa picha, nilikuwa mbali, hatukupatana lolote. Hayo yalikuwa kweli na niliyasema vizuri. Akanisikiliza mkono ukizunguka ndani ya kifuu. Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa, ilikuwa saa ngapi.

Nilikuwa nimelijua swali hilo usiku kucha. Lakini pale pale nikaiona kanzu yangu, nikauona mswala juu ya kikapu, nikamwona mume wa dada huyu ambaye hukaa safu ya mbele msikitini, nikamwona na mke wangu. Neno likanitoka lenyewe.

"Asubuhi," nikasema. "Mapema."

Akaacha kukuna. Asubuhi mapema, akasema, wakati dago zima liko pwani linashusha samaki? Mwanamke wa eda, katikati ya wanaume wote wale? Basi nimemwongezea jambo ambalo alikuwa halijui, na anashukuru nimekuja. Nikasimama pale nimekodoa macho. Nafasi ya kusema hapana, nimekosea, ilikuwa wazi mbele yangu, na mimi nikaaga.

Nilitumwa kumvua mtu aibu, nikaenda kumwongezea nyingine ili niifiche ya kwangu. Siwezi kulisema kwa namna nyepesi kuliko hiyo. Siku zilizofuata nilikuwa napita njia ya nyuma ya minazi ili nisipite mlangoni kwake. Nilikwenda Kilindoni mara mbili bila shughuli. Hata kamera sikuigusa, na nikajipongeza kwa hilo, kana kwamba kamera ndiyo iliyosema uongo.

Zikabaki siku nne. Mke wangu akarudi kutoka kwa yule mama, akavua ushungi, akaketi kwenye kiti mbele yangu. Akasema habari za asubuhi mapema zimemfikia mjane. Nikamwuliza amesemaje.

"Amesema labda umesahau. Amesema una wageni wengi, mambo mengi, mtu husahau."

Ningetukanwa ningevumilia. Ningelaaniwa ningepata hata la kujibu. Lakini alikuwa ameketi mle gizani na kitambaa chake kichwani, ananitafutia udhuru. Machozi yakanitoka mbele ya mke wangu, jambo ambalo halikutokea hata kwenye msiba wa mama yangu. Nikamwambia ilikuwa Ijumaa, khutba imeanza.

Mke wangu hakuelewa mara moja. Nilimwona anarudi nyuma siku kwa siku, anaitafuta Ijumaa ile, anaipata. "Lakini ulitoka na mswala," akasema. Kisha, baada ya kitambo, "Na dua ya baba?" Akainuka akaenda kuwasha moto.

Kesho yake nikarudi kwa wifi. Nilichagua wakati ambao mumewe yupo, na dada zake wawili wapo, na jirani mmoja amekuja kuazima kinu, kwa sababu nilijijua. Nikimwambia mmoja mmoja nitapunguza. Nikasema mbele ya wote kwamba nilidanganya. Nikasema picha ilipigwa Ijumaa baada ya adhana ya pili, maji yalikuwa yamekupwa adhuhuri, na mwenye shaka akumbuke maji ya juma lile. Pwani ile hapakuwa na mwanamume ila mmoja, naye alikuwa amejificha ndani ya mikoko, kanzu yake kiunoni, mswala wake umefunika kikapu cha kamera. Hakukohoa, hakutoa salamu. Mwanamke alikuwa amejistiri kadiri mtu anavyoweza kujistiri, na mimi ndiye niliyemvua.

Jirani akashika kinu bila kukibeba. Mume wa wifi akatazama chini, nikaona amenionea haya yeye, na hilo liliniuma zaidi. Wifi ndiye aliyesema.

"Yeye alitafuta saa ambayo macho ya wanaume yote yako msikitini," akasema. "Ya kwako yalikuwa wapi?"

Nikasema yalikuwa kwake. Akatikisa kichwa, akanambia niondoke.

Walikwenda. Siku ya kutoka eda walikwenda wote watatu, na beseni, na kanga mpya mbili, na udi. Sikuwapo, wala si mahali pa wanaume. Mke wangu alinisimulia kwa maneno machache, maana wakati ule maneno yake kwangu yote yalikuwa machache. Wifi mkubwa ndiye aliyemwagia maji kwa mkono wake, na alipokuwa anamfunga kanga alimwomba radhi sikioni, wote wakasikia. Wakamtoa nje akiwa katikati yao. Ijumaa iliyofuata mke wangu aliipiga pasi kanzu yangu, akaitandika kitandani. Msikitini wenzangu walinisogezea nafasi, na mmoja akanitania akiuliza kama kikapu changu leo kina mswala mtupu. Nikacheka nao. Utani ule bado unaendelea, na nadhani utanifuata mpaka kaburini.

Ningeweza kuishia hapo, nikaonekana mtu aliyekosa akarekebisha. Hata mimi kwa wiki mbili hivi nilianza kujiona hivyo.

Kisha nikakutana naye pwani. Nilikuwa nimetoka kumwonyesha mgeni ndege, mgeni amekwisha rudi hotelini, kamera iko shingoni. Wanawake walikuwa kwenye mwani. Nikakohoa kwa mbali, nikatoa salamu, nikasimama. Wakashusha kanga, wakaitikia, mmoja akauliza kama leo mwenye bomba ana kifua, wakacheka. Yule mama akajitenga na wenzake akanijia, mikono inachuruzika maji ya chumvi. Nikamwamkia, akaitikia. Akaniuliza kama ile picha bado ninayo. Kisiwa kizima kimeiona au kimesimuliwa, akasema, ila yeye hajawahi kuiona.

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimemwambia mke wangu nimezifuta zote, lakini zilikuwamo bado ndani ya kamera. Nikaitafuta, nikamkingia jua kwa kofia yangu ili aone vizuri kwenye kioo. Akaitazama muda mrefu. Ukimya ukanishinda, nikaanza kueleza, kama ninavyowaeleza wageni. Nikamwambia hapa ndipo ulipoinama kufunga mwani, ndiyo maana picha ikapendeza.

"Mwani nilikuwa nimeshamaliza," akasema. "Hapo nalia."

Akanieleza bila uchungu, kama anayenisahihisha jina la samaki. Mle ndani wanawake waliokuja kumfariji hawakumwacha peke yake hata kidogo. Akishusha pumzi, mtu anamshika mkono. Akitaka kulia, wanamsomea, wanamwambia asimtese maiti. Mwani ulikuwa unakatika, ni kweli, lakini siku ile aliposubiri adhana ya pili alikuwa anatafuta pia mahali pa kumlilia mumewe bila kuonwa na mtu.

Akanirudishia kamera. "Ifute, mwanangu," akasema, akarudi kwa wenzake.

Nikaifuta pale pale. Nikaanza kuzifuta na zile nyingine, za kabla na za baada yake, ambazo sikuwahi kuzishughulikia kwa kuwa hazikuwa nzuri. Katika mbili kati ya hizo alikuwa amegeukia upande wangu na uso wake unaonekana wote, kinywa wazi, macho yamefumba, mashavu yamelowa. Nilikuwa nimeuona uso ule jioni ya Ijumaa ile ile, umejaa kioo kizima cha kompyuta. Nikauruka, nikadhani ameukunja kwa jua.